Figo za Mama Mjamzito: Tusome Kadi ya Kliniki

(Mazungumzo na wanakisomo wa madarasa mawili, chini ya mwembe wa shule ya msingi, Alhamisi jioni)



Tunashukuru mmekuja wengi, ingawa ni wakati wa kupalilia mpunga. Tunaona hata kina baba wamekaa mbele. Vizuri sana. Leo hatukuja na ubao. Tumekuja na kitu kimoja tu, nacho ni kadi ya kliniki ya mama mjamzito. Tena tumekuja na deni.

Deni lenyewe ni hili. Mwaka juzi, mahali hapa hapa, tulizungumza juu ya mimba. Mama mmoja alituuliza kama kuvimba miguu ni ugonjwa. Tulimjibu kwamba miguu kuvimba jioni ni kawaida kwa mjamzito. Akae, ainyanyue juu ya kigoda, itanywea. Jibu hilo halikuwa la uongo, lakini tuliliacha nusu. Hatukusema ni uvimbe upi ambao si wa kawaida.

Mwenzetu mmoja wa darasa hili aliliandika jibu letu katika daftari lake. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Baada ya wiki chache uso ulianza kuvimba asubuhi. Pete ikakataa kutoka kidoleni. Kichwa kikamuuma siku tatu mfululizo. Mumewe akataka kumpeleka zahanati. Mama akafungua daftari akamsomea: "Kuvimba ni kawaida." Mama mkwe naye akasema uvimbe ule ni dalili ya mapacha. Mama akapunguza hata kunywa maji, akidhani maji ndiyo yanayomvimbisha. Usiku wa siku ya nne akapatwa na kifafa. Alifika hospitali ya wilaya alfajiri, juu ya pikipiki, amebanwa katikati ya dereva na mumewe. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Mwenzetu huyo yupo hapa jioni hii. Ametuambia tuyaseme haya, ila jina tusilitaje. Basi tumekuja kulimalizia lile jibu.

Hebu tuanze na figo. Anayechinja mbuzi anazijua. Ni mbili. Kwa binadamu ziko mgongoni, chini kidogo ya mbavu, moja kila upande. Kila moja ina ukubwa kama wa ngumi. Kazi yake ni kuchuja damu, kama chujio la chai linavyochuja majani. Kwa siku moja figo za mtu mzima huchuja maji ya damu kama lita 180. Hizo ni ndoo tisa za lita 20! Karibu maji yote hayo hurudishwa katika damu. Yanayobaki ni lita moja au mbili pamoja na takataka za mwili. Huo ndio mkojo.

Mwanamke akishika mimba, damu yake huongezeka kwa karibu nusu. Figo nazo huongezewa kazi. Zile ndoo tisa zinakuwa kama 13. Mwili umetengenezwa kuubeba mzigo huo, na kina mama wengi huubeba bila taabu. Lakini kama figo zina ugonjwa, au kama kuna kitu kinazishambulia, mimba ndiyo hulifichua jambo hilo. Ni kama daraja bovu. Baiskeli zinapita kila siku bila tatizo. Siku likipita lori la pamba, ndipo mtajua.

Matatizo ya figo kwa mjamzito ni mengi. Sisi tutashika matatu ambayo tunayaona hapa kwetu.

La kwanza ni lile ambalo siku hizi kila mtu analiita yutiai. Wengine husema mkojo mchafu. Hasa ni vijidudu vilivyoingia katika njia ya mkojo. Mwanamke hupata ugonjwa huu kuliko mwanamume kwa sababu njia yake ya mkojo ni fupi, tena iko karibu na njia ya haja kubwa. Vijidudu havina safari ndefu.

Kwa mjamzito kuna jambo zaidi. Mkojo hutoka katika figo kwenda kibofuni kwa mirija miwili. Wakati wa mimba mirija hiyo hulegea, na tumbo la uzazi huikandamiza. Mkojo unakwenda polepole. Ninyi wakulima wa majaruba mnajua. Maji yanayokwenda mbio hayaoti uchafu, lakini mfereji ukiziba kidogo, maji yakatuama, mara unaona ukijani na mbu. Mkojo ni vivyo hivyo. Ukituama, vijidudu huzaliana, kisha hupanda juu hadi kwenye figo.

Dalili za mwanzo mnazijua: mkojo kuchoma, maumivu chini ya kitovu, mkojo wenye mawingu au harufu kali. Kwenda haja ndogo mara kwa mara peke yake si dalili, maana kila mjamzito huenda. Vijidudu vikifika kwenye figo mambo hubadilika. Mama hupata homa kali na kutetemeka. Mgongo humuuma upande mmoja au pande zote, pale chini ya mbavu. Hutapika. Hapo watu husema ni malaria, wakameza dawa ya malaria iliyobaki ndani ya nyumba. Au bibi husema mgongo ni wa mimba tu. Mgongo wa mimba upo, ni kweli, lakini mgongo wa mimba hauji na homa. Mkiona homa na mgongo kwa mjamzito, safari ni siku hiyo hiyo, wala si kesho baada ya mnada. Ugonjwa huo unaweza kuleta uchungu kabla ya wakati, na vijidudu vinaweza kuingia katika damu na kumuua mama. Mara nyingi atalazwa na kupewa dawa kwa njia ya mshipa.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana wengi hawalijui. Mjamzito anaweza kuwa na vijidudu hivyo katika mkojo wake bila kusikia maumivu yoyote. Anapika, anachota maji, anacheka. Asipotibiwa, anaweza kuamka siku moja na ile homa ya figo. Ndiyo maana kliniki wanakuomba mkojo hata kama huumwi. Kuna mama alituambia anaona aibu kubeba kikopo cha mkojo mbele za watu. Tukamwuliza kama anaona aibu kubeba ndoo ya maji. Akacheka. Kikopo kinafunikwa, jamani.

Muuguzi akikupa dawa, hapa ndipo kisomo chetu kinafanya kazi. Kuna bahasha ndogo ya dawa. Juu yake ameandika 1x3. Maana yake si kidonge kimoja kwa siku tatu! Maana yake ni kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Ukiona 2x2 ni vidonge viwili, mara mbili kwa siku. Siku ngapi? Muulize, akuandikie. Ukifika nyumbani chora vijistari ukutani kwa mkaa, kila ukimeza unafuta kimoja. Wengi wetu tukipata nafuu siku ya pili tunaacha, tunaweka vingine kwa ajili ya shemeji. Vijidudu vilivyobaki hurudi vikiwa sugu, na dawa ile haivitishi tena. Baada ya kumaliza dawa, rudi mkojo upimwe upya.

Wala usinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Tetrasaiklini, ile ambayo watu huiita rangi mbili, inaweza kuharibu meno ya mtoto aliye tumboni. Dawa kali za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni si za mjamzito. Tangu mimba ifikapo wiki 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto mwenyewe, na yale maji anayoogelea yakapungua. Ndiyo, mtoto naye ana figo, na zimeanza kazi tayari. Kama ni maumivu au homa, muuguzi atakupa parasetamoli huku akitafuta kinachoileta homa. Na mizizi ya kuchemsha? Hatukuja hapa kuwatukana waganga wetu. Lakini dawa ambayo haina kipimo, figo ndizo zinazoichuja, na za mama mjamzito tayari zina mzigo.

Maji safi unywe ya kutosha. Usijizuie mkojo shambani eti mpaka ufike nyumbani. Ukijisafisha baada ya choo, anzia mbele kwenda nyuma. Baada ya kulala na mume, nenda ukakojoe. Tunasema wazi kwa sababu sisi sote ni watu wazima.

Hapo tutaje kichocho, maana majaruba yetu na mabwawa yetu yanacho. Kichocho cha mkojo huharibu kibofu na ile mirija, na miaka ikipita huharibu hata figo. Zamani wajawazito walinyimwa dawa yake kwa hofu ya mtoto. Siku hizi Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, linashauri wajawazito wapewe prazikwanteli baada ya miezi mitatu ya kwanza. Kwa hiyo mama anayeona damu katika mkojo asinyamaze. Lakini tena, damu inaweza kuwa inatoka ukeni, na hilo ni jambo la haraka zaidi. Mwenye kupambanua ni muuguzi.

La pili ndilo deni letu. Ni kifafa cha mimba.

Kifafa hiki si cha kurogwa wala si kile kifafa cha tangu utotoni. Huanza kimya. Baada ya wiki ya 20 ya mimba, shinikizo la damu hupanda na mishipa midogo ya figo hudhurika. Lile chujio sasa linavuja. Linaachia protini, kitu chenye asili kama ute wa yai, ambacho kilipaswa kubaki katika damu. Zamani katika zahanati waliuchemsha mkojo ndani ya kichupa. Ukiganda mweupe kama ute wa yai ulioiva, walijua kuna hatari. Siku hizi huchovya kijikaratasi, kikabadili rangi.

Tuchukue kadi sasa. Mwenye kadi aifungue. Tazameni mahali palipoandikwa shinikizo la damu, au BP. Kila hudhurio kuna tarakimu mbili, moja juu ya nyingine, kama 110/70. Ya juu ikifika 140, au ya chini ikifika 90, hapo pana neno. Si lazima zote mbili zifike. Moja inatosha. Kisha tafuteni mahali pa mkojo, palipoandikwa albumini au protini. Pakiandikwa hasi, au alama ya kutoa, hakuna kitu. Pakiwa na alama ya kujumlisha, +, figo zinavuja. ++ ni zaidi. Na kama pameachwa wazi? Maana yake hukupimwa. Usiondoke. Mwulize muuguzi kwa heshima: "Dada, mkojo wangu bado." Pengine vijikaratasi vimekwisha, hutokea. Basi ajue kwamba unajua, akuelekeze wapi vinapatikana.

Tulipofika hapa, mzee mmoja aliuliza: Sisi wanaume kadi hiyo inatuhusu nini? Kabla hatujajibu, yule mwenzetu tuliyemsimulia alisimama mwenyewe. Alisema, "Baba, usiku ule mimi sikuweza kusoma. Alikuwepo mume wangu, na kadi ilikuwa juu ya kabati. Ilikuwa na ++ tangu wiki mbili nyuma. Hakuna aliyejua ni nini." Akakaa. Sisi tulinyamaza kidogo.

Haya, uvimbe. Miguu peke yake, jioni, baada ya kusimama, ikanywea usiku: huo ndio ule wa kawaida, ingawa kliniki waambie. Uso kuvimba, mikono kuvimba, tena ghafla: huo si wa kawaida. Kichwa kuuma bila kuachia, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu, mkojo kuwa kidogo sana: mojawapo tu ya haya likitokea, nendeni zahanati siku hiyo, mchana au usiku. Tena wapo kina mama ambao hawavimbi kabisa na shinikizo limepanda. Kadi ndiyo inayosema. Wala usiache kunywa maji kwa sababu ya uvimbe. Maji uliyokunywa siyo yaliyokuvimbisha.

Dawa ipo. Hospitali huchoma sindano ya magnesiamu salfeti. Utafiti mkubwa wa zaidi ya wanawake 10,000 katika nchi 33, uliotangazwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Shinikizo nalo hushushwa kwa dawa zinazomfaa mjamzito, kama methildopa. Lakini ugonjwa wenyewe hauishi mpaka mtoto azaliwe, kwa hiyo pengine madaktari watasema azaliwe mapema. Msiwapinge kwa kuhesabu miezi.

Na akishazaa, msidhani yamekwisha siku ile ile. Kifafa kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, hasa siku za mwanzo, na dalili ni zile zile. Baadaye pia, mwanamke aliyepata ugonjwa huu ana hatari zaidi ya kupata shinikizo la damu na ugonjwa wa figo miaka ya mbele. Apimwe shinikizo kila mwaka, hata kama hazai tena. Akishika mimba nyingine, aseme mapema. Wapo wanaofaa kupewa aspirini ya kiasi kidogo, miligramu 75 kwa siku, tangu kama wiki ya 12, ili kuzuia. Hiyo ni kwa amri ya daktari tu. Msije mkaenda dukani kesho mkanunua aspirini kwa sababu sisi tumeitaja!

Hapo mnaona kwa nini kuwahi kliniki kuna maana. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonwe mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kwisha. Huku kwetu wengi wanasubiri tumbo lionekane. Wanaogopa macho ya watu. Wengine wanasubiri nauli, na hilo tunalielewa. Lakini shinikizo linalopimwa mwezi wa pili ndilo linalotuonyesha kama lile la mwezi wa saba limepanda au lilikuwa hivyo tangu mwanzo.

La tatu tutalipita upesi. Ni mwanamke ambaye figo zake ni mbovu tangu kabla ya mimba, pengine kwa ajili ya kisukari, shinikizo la damu, au kichocho cha muda mrefu. Mtu huyo asiambiwe tu, "Wewe usizae." Wala asiambiwe, "Mungu atajua." Aende kwa daktari kabla ya kushika mimba. Atapimwa damu ionekane figo zinachuja kiasi gani. Ugonjwa ukiwa mdogo na shinikizo likitulia, wengi huzaa salama. Ukiwa mkubwa, mimba inaweza kuzimaliza figo. Wakati anangoja ushauri, atumie uzazi wa mpango. Dawa nazo zibadilishwe mapema. Enalaprili, kaptoprili na losatani ni dawa nzuri za shinikizo na figo, lakini humdhuru mtoto tumboni. Ukijikuta una mimba na unazimeza, usikae nazo wala usikae bila dawa. Nenda kliniki siku hiyo wakubadilishie.

Ili msikate tamaa, tuwape habari moja. Huko Marekani mwanamke aitwaye Edith Helm alipewa figo na pacha wake mwaka 1956, kwa kupasuliwa. Mwaka 1958 akazaa mtoto wa kiume, akiwa mtu wa kwanza anayejulikana kuzaa baada ya kupandikizwa figo. Hapa kwetu Tanzania upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili mwaka 2017, na Dodoma mwaka 2018. Lakini hiyo ni njia ndefu na ya gharama. Kikopo cha mkojo kipo zahanati ya hapa karibu.

Sasa kazi ya nyumbani. Wazee wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, tulivyosikiliza redio kwa vikundi, kisha kila kikundi kikaenda kuchimba vyoo. Hatukuishia kusikiliza. Basi na hapa, kila nyumba yenye mjamzito iweke kadi mahali ambapo kila mtu anapajua. Wawili katika nyumba wajue kuisoma, mmoja wao asiwe mjamzito mwenyewe. Mkubaliane mapema ni bodaboda ya nani itakayoitwa usiku, na fedha zitoke wapi. Kikundi cha kuweka na kukopa cha kina mama wa upande wa kisimani kimeshatenga fungu la safari za wajawazito. Wengine wakawaulize wamefanyaje.

Wale wenye madaftari ya mwaka juzi, fungueni ukurasa ule. Pale palipoandikwa "kuvimba ni kawaida," ongezeni mbele yake: "miguu tu, jioni tu. Uso na mikono, zahanati leo." Tutangoja mmalize kuandika. Halafu Alhamisi ijayo mje na kadi, na zile bahasha za dawa hata kama ni tupu. Muuguzi wa zahanati ameahidi kuja na kipimo cha shinikizo, na atampima kila atakayekuja, kina baba pia.